Makopo sita ya unga mweupe, lebo zimebanduka: nitajuaje kipi ni kostiki na kipi ni soda eshi?

Sabuni_Kibaha:

Wakuu, habari za kazi. Stoo ya kikundi chetu cha sabuni iliingia maji, na lebo zote za karatasi zimelowa zikabanduka. Makopo yenyewe ni ya plastiki yenye mifuniko ya kukaza, kwa hiyo vilivyomo havikulowa sana. Daftari la manunuzi linaonyesha vitu tisa: kostiki (sodiamu haidroksidi), soda eshi (sodiamu kaboneti), bikaboneti, magadi ya sokoni yaliyotwangwa, chumvi ya viwandani, sodiamu salfeti ya kujazia sabuni ya unga, CMC (unga wa kufanya sabuni iwe nzito), asidi ya sitriki na klorini ya unga. Yaliyobaki ni makopo sita tu. Nimeyaandika herufi kwa maka pen:

A – vipunje vyeupe vya mviringo kama shanga ndogo, vya juu vimeshikana na vina unyevu.
B – unga laini mweupe kabisa. Wengi wetu tunaamini ndiyo soda eshi.
C – unga wenye weupe uliofifia, una chembe za kijivu.
D – chembe zinazong'aa, ukiangalia haraka utasema sukari.
E – unga mweupe mkavu, hauna harufu.
F – chenga nyeupe. Kopo likifunguliwa linatoa harufu ya bwawa la kuogelea.

Tuna mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu 0.1, kipimajoto, karatasi za pH za 1 hadi 14, siki nyeupe ya asilimia 5, friji na oveni ya gesi. Kupeleka sampuli zote sita maabara ni gharama kwetu. Naomba utaratibu wa uhakika, si wa kubahatisha, maana wiki ijayo tunapika sabuni ya maji na B ndiyo tuliyopanga kutumia.

afya_kazini:

Dada, kabla ya kipimo chochote, F iondoe kwenye orodha. Harufu hiyo inatosha. Hiyo ni klorini ya unga, na klorini ikikutana na tindikali yoyote, hata siki ya kachumbari, inatoa gesi ya klorini ambayo inaunguza mapafu. Usiitie siki, usiichanganye na asidi ya sitriki, usiiweke karibu na mafuta wala sabuni. Funika, weka mahali pakavu penye hewa, mbali na D mpaka D ijulikane. Wala usiichovye karatasi ya pH ukitegemea jibu: klorini inapausha rangi ya karatasi na utasoma uongo.

Jambo la pili, mnaweza kujipimia wenyewe kwa sababu mna daftari. Mnajua vitu tisa vinavyowezekana, na kazi ni kuvitenganisha. Kwa mtu aliyeokota unga mweupe asiojua ulikotoka, hasa kwenye stoo ya wachenjuaji dhahabu au ghala la mazao, ushauri ni tofauti kabisa. Sianidi ya sodiamu ni nyeupe na ikiguswa na tindikali inatoa gesi inayoua. Dawa za kufukiza nafaka zenye fosfidi zinatoa gesi ya sumu kwa unyevu tu. Hapo mtu asifungue wala asipime. Afunge mlango, awaite Mkemia Mkuu wa Serikali au polisi.

Kwenu: glavu za mpira nene, miwani inayoziba hadi pembeni, mikono mirefu, viatu vya kufunika, na bomba au ndoo ya maji safi karibu. Pimieni nje au dirishani. Chukua gramu chache tu, siku zote unga ndio unaoingia kwenye maji, kamwe si maji kumwagwa juu ya unga. Hakuna kuonja, hata D inayofanana na sukari. Ikirukia ngozi au jicho, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 na zaidi, kisha hospitali kama ni jicho. Watu hukimbilia kupaka siki juu ya kostiki iliyomwagikia ngozi. Msifanye hivyo, inaongeza joto na inawapotezea muda wa kuosha.

mwl_kemia:

Nakubaliana na hayo yote. Sasa utaratibu wa A hadi E.

Chota sampuli katikati ya kopo, usichote juu. Tabaka la juu la kopo lililopata hewa si kitu kilekile tena: kostiki hunyonya maji na hewa ya ukaa ikageuka kaboneti, na soda eshi hunyonya unyevu ikawa mabonge. Pia nunua kielelezo: pakiti ya bikaboneti ya dukani na chumvi ya kupikia. Kila kipimo unachofanyia kopo, kifanye pia kwa kielelezo, kwa maji yaleyale. Bila hivyo huwezi kujua kama ni unga unaokujibu au ni maji yako ya kisima.

Anza na pH. Gramu 1 kwenye mililita 100 za maji safi ya chupa, koroga kwa kijiti cha plastiki, chovya karatasi sekunde moja, soma mara moja. Tegemea hivi: kostiki 13 au zaidi, soda eshi 11 na kidogo, magadi karibu na 10, bikaboneti 8 hadi 8.5, chumvi na salfeti 6 hadi 7, asidi ya sitriki karibu na 2. CMC hutaihitaji karatasi, maji yatakuwa mazito yenye mabonge ya utelezi. Wanaotumia fenolifthalini (dawa inayogeuka waridi kwenye alkali) badala ya karatasi wajihadhari: kwenye kostiki kali rangi ya waridi hutokea kisha ikafifia mpaka maji yanabaki bila rangi, na mtu akadhani hakuna alkali. Ndiyo maana nasema gramu 1, si kijiko.

Pili, joto. Kikombe cha plastiki, maji mililita 100 yaliyokaa chumbani, soma kipimajoto, tia gramu 5, koroga, soma tena ndani ya dakika moja au mbili. Kostiki kavu itapandisha karibu nyuzi 12. Soda eshi itapandisha kama nyuzi 3. Bikaboneti itashusha kama nyuzi 2. Kipimo hiki ni kizuri kwa sababu hakitegemei macho ya mtu kubishana kuhusu rangi. Kinachoharibu ni unyevu: kostiki iliyolowa imeshatoa sehemu ya joto lake ndani ya kopo, kwa hiyo itapanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Usitumie sufuria ya alumini kwa kipimo hiki wala kingine chochote. Kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni inayowaka.

Tatu, siki. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nieleze kwa kirefu. Bikaboneti, soda eshi na magadi zote hutoa mapovu zikipata tindikali, lakini hazitoi kwa namna moja. Ukiyeyusha bikaboneti na kudondosha siki, povu linaanza na tone la kwanza. Ukiyeyusha soda eshi na kudondosha siki polepole huku unakoroga, matone ya mwanzo hayatoi kitu, kwa sababu kaboneti inageuka kwanza kuwa bikaboneti, na povu linakuja baada ya kufikia nusu ya siki inayohitajika. Mtu asiyejua hilo anaacha njiani na kusema haina povu, kumbe ni soda eshi safi. Gramu 1 ya bikaboneti inamaliza kama mililita 14 za siki ya asilimia 5, gramu 1 ya soda eshi inataka kama mililita 23. Kostiki mbichi haitoi povu, inapata moto tu. Kostiki ya zamani itatoa povu dogo kwa ajili ya kaboneti iliyojitengeneza, na hilo lisikufanye uiite soda eshi. pH na joto ndivyo vinavyoamua.

Mkipata chumvi ya haluli duka la dawa (magnesiamu salfeti), kuna kipimo cha kuthibitisha ambacho wanafunzi wa sekondari wanakijua. Maji yake ukiyatia kwenye maji ya soda eshi, mashapo meupe yanatokea papo hapo. Kwenye bikaboneti ya baridi hakuna kitu, mpaka uchemshe. Kostiki nayo inatoa mashapo, ila wewe utakuwa umeshaitenga.

malighafi_tz:

Kwa B na C mimi ningeenda moja kwa moja kwenye oveni na mizani. Ni kipimo cha namba, kinatenganisha jamii yote ya soda, na mnavyo vifaa.

Pima gramu 10.0 kwenye bakuli la kauri au la chuma cha pua, litandaze liwe tabaka jembamba, weka oveni nyuzi 200 kwa saa moja. Toa, funika, liache lipoe, pima. Rudisha dakika 20, pima tena. Uzito usipobadilika umemaliza. Bikaboneti inapoteza maji na hewa ya ukaa na kubaki gramu 6.3. Magadi ya asili, yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ni kaboneti na bikaboneti zilizofungamana pamoja na maji, na yakiwa safi hubaki gramu 7.0. Soda eshi kavu inabaki karibu 10 kamili. Soda ya kufulia ya fuwele kubwa, ile yenye maji mengi, ingebaki gramu 3.7, lakini hiyo inaanza kwa kuyeyuka ndani ya maji yake yenyewe, kwa hiyo utaitambua kabla ya mizani.

Makosa: mizani ya jikoni haioni vizuri uzito ulio chini ya gramu 5, ndiyo maana natumia 10. Bakuli likipimwa la moto mizani inayumba. Likiachwa wazi lipoe, soda iliyokaushwa inavuta unyevu wa Pwani na namba inapanda. Na usiweke A wala F kwenye oveni hata kidogo.

Kwa nini nasisitiza B: chukueni kilo 1 ya salfoniki (tindikali ya kutengenezea sabuni ya maji) ya asilimia 96. Kuizimua, yaani kuimaliza utindikali, kunahitaji takriban gramu 160 za soda eshi, au gramu 120 za kostiki, au gramu 250 za bikaboneti. Mkiweka gramu 160 za kostiki mkidhani ni soda eshi, zinabaki kama gramu 40 za kostiki huru ndani ya sabuni ya mtu wa kuosha vyombo. Mkiweka gramu 160 za bikaboneti, zaidi ya theluthi ya tindikali inabaki haijazimwa, sabuni inauma mikono, na povu la hewa ya ukaa linafurika nje ya ndoo kabla hamjamaliza kukoroga.

Sabuni_Kibaha:

Asanteni sana. F tumeifungia peke yake. Matokeo, kila kimoja tumerudia mara mbili pamoja na kielelezo:

A: pH imegonga 13 hadi 14. Joto limepanda nyuzi 10. Siki: mapovu machache sana.
B: pH 8. Joto limeshuka nyuzi 2. Siki: povu tone la kwanza. Oveni: 10.0 imebaki 6.3.
C: pH 10. Povu, lakini limechelewa kidogo kuanza. Oveni: 10.0 imebaki 7.1. Kwenye maji kuna uchafu unaotuama chini.
D: pH 2. Ikichanganywa na bikaboneti ya dukani na maji, inafura.
E: pH 6 hadi 7. Siki hakuna kitu. Inayeyuka yote.

Kwa hiyo B si soda eshi? Na E ni chumvi au ni salfeti, hapo nimekwama. Pia A naweza kuitumia kwa sabuni ya mche kwa kipimo kilekile?

mwl_kemia:

B ni bikaboneti, namba ya oveni haina ubishi. Soda eshi yenu ilikwisha. D ni asidi ya sitriki: katika orodha yenu ya tisa hakuna tindikali nyingine. C ni magadi. Hiyo 7.1 badala ya 7.0 ni mchanga na udongo ambao hauondoki kwa joto, na povu kuchelewa ni ile sehemu ya kaboneti.

E itenganishe kwa friji. Yeyusha gramu 30 kwenye mililita 100 za maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40. Vyote viwili vitayeyuka. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye glasi, funika, weka friji sehemu ya chini kwa saa chache. Chumvi inayeyuka karibu sawa kwenye maji ya baridi na ya moto, kwa hiyo maji yatabaki maangavu. Sodiamu salfeti, maji ya nyuzi 5 hayawezi kubeba hata gramu 10 kwa mililita 100, kwa hiyo fuwele kubwa zinazopitisha mwanga zitajaa chini ya glasi. Mara nyingine maji hukaa baridi bila kutoa fuwele ingawa yamezidiwa. Ukiona hivyo dondosha punje chache za E kavu au kwaruza ukuta wa glasi kwa kijiti, zitaanza. Barium kloridi ya maabara ingekupa jibu kwa tone moja, lakini ni sumu na sioni sababu ya kuileta kwenye stoo ya sabuni.

A ni kostiki, lakini usiitumie kwa kipimo kilekile. Mafuta ya mawese yanataka takriban gramu 142 za kostiki safi kwa kilo, ya nazi gramu 183. Kostiki yenu imelala, na kaboneti iliyo ndani yake haigeuzi mafuta kuwa sabuni, inabaki tu na kutoa ukungu mweupe juu ya mche. Unahitaji kujua imebaki kiasi gani, na hilo linapimwa kwa bureti (mrija wenye alama za mililita wa kudondoshea tindikali). Shule ya sekondari yenye maabara inaweza kukufanyia kwa nusu saa.

Pima gramu 1.00 ya A kutoka katikati ya kopo kwa mizani ya maabara, yeyusha kwenye mililita 50 za maji yaliyochemshwa yakapoa, tia matone mawili ya fenolifthalini, dondosha tindikali ya haidrokloriki ya mola 1 (kipimo cha ukali wake) mpaka waridi iishe. Andika namba hiyo, tuiite P. Tia methili ya machungwa (dawa nyingine ya kubadili rangi) kwenye chombo hichohicho, endelea mpaka njano igeuke rangi ya machungwa. Andika jumla tangu mwanzo, tuiite M. Kostiki halisi ni mara mbili ya P toa M, zidisha kwa gramu 0.040. Kaboneti ni M toa P, zidisha kwa gramu 0.106. Mfano: P ikiwa 21.4 na M ikiwa 22.8, kostiki ni mililita 20.0, yaani gramu 0.80, asilimia 80, na kaboneti ni asilimia 15. Hapo gramu 142 zinageuka 142 gawa kwa 0.80, karibu 178.

Dondosha polepole na kutikisa karibu na mwisho wa fenolifthalini. Tindikali ikimiminika kwa wingi sehemu moja inafukuza hewa ya ukaa mapema na P inatoka kubwa kuliko ukweli, na kostiki inaonekana bora kuliko ilivyo. Na tindikali yenyewe ihakikishwe: kausha bikaboneti safi ya duka la dawa nyuzi 200 mpaka uzito utulie, sasa ni kaboneti safi. Gramu 0.53 ya hiyo lazima imalize mililita 10.0 za tindikali ya mola 1 kwa methili ya machungwa. Ikimaliza 10.4, tindikali yenu ni dhaifu, rekebisheni hesabu.

Sabuni_Kisumu:

Kuongezea juu ya B na C. Kwa kuwa mna bikaboneti nyingi na mnahitaji soda eshi, oveni iliyowapa jibu inaweza kuwapa na bidhaa: kilo 1 ya B ikikaushwa vile vile mpaka uzito utulie inatoa gramu 630 za soda eshi safi kabisa. Tabaka jembamba, trei ya chuma cha pua, koroga katikati ya muda, na fungia kwenye kopo kavu ikiwa bado ya vuguvugu. Piga hesabu ya gesi kwanza, mara nyingi kununua soda eshi ya gunia ni nafuu zaidi. Kwa kazi ya wiki ijayo tu inafaa.

C nayo inazimua salfoniki, mradi msiipime kama soda eshi. Kazi ya gramu 160 za soda eshi inataka kama gramu 225 za magadi safi, na ya kwenu yana mchanga, kwa hiyo ongezeni kidogo kidogo huku mkipima pH mpaka ifike 7 hadi 8. Yeyusheni kando kwanza, acheni yatuame usiku kucha, mchukue maji ya juu. Povu litakuwa kubwa kuliko la soda eshi, ndoo isijae zaidi ya nusu. Yakibaki yasirudi jikoni kulainishia maharage. Kopo lilikaa stoo moja na kostiki na klorini, na magadi ya maziwa yetu huwa na floraidi nyingi hata yakiwa mapya.

Sabuni_Kibaha:

E imejaza fuwele friji, glasi nzima chini. Ni salfeti. A tunapeleka maabara ya sekondari Jumatatu na kopo lake lote, siyo sampuli ya juu. Kwenye makopo sasa tunaandika kwa maka pen juu ya plastiki yenyewe, mwilini na kwenye kifuniko, jina pamoja na tarehe ya kufunguliwa.

afya_kazini:

Vizuri. Andikeni mwilini tu, kwenye kifuniko msiandike. Vifuniko hubadilishana, na cha F kikiishia juu ya D mmerudi pale mlipoanza.